Njoo Jumatatu

Barua ya kupangiwa kituo cha kazi ilinikuta Dar es Salaam, miezi saba baada ya kumaliza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo. Nilikuwa nimesomea udaktari wa meno kwa miaka 5, nikaongeza mwaka mmoja wa utarajali, nikapata usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na katika muda wote huo sikuwahi kuvuka Dodoma kuelekea magharibi. Barua ilitaja halmashauri moja ya Mkoa wa Katavi. Rafiki yangu niliyesoma naye tangu mwaka wa kwanza aliisoma, akanirudishia, akasema: "Huko utakuwa unang'oa tu." Yeye alikwisha kupata nafasi katika kliniki binafsi mjini, penye mashine ya picha za meno na wagonjwa wenye bima, na hakusema vile kwa ubaya. Ndivyo sote tulivyoambizana bwenini, kwamba daktari wa meno anayekwenda wilayani hugeuka fundi wa koleo.

Nilikaa Katavi miaka 3 na miezi 4, kuanzia Februari 2022. Ninaandika haya kwa sababu kila majina ya ajira yanapotoka, napigiwa simu na vijana waliohitimu wakiniuliza kama waende au wakatae. Ninawaambia waende. Ila ningependa waende wakijua mambo ambayo mimi niliyajua kwa kuumia, na moja kati ya hayo kwa kuumiza mtu.

Nianze na fedha, kwa kuwa hakuna aliyenieleza. Niliondoka na akiba ya shilingi 900,000 nikidhani mshahara utaingia mwisho wa mwezi wa kwanza. Mtumishi mpya hapati mshahara mpaka aingizwe kwenye mfumo na kupewa cheki namba, yaani namba yake kwenye orodha ya mishahara, na kwangu jambo hilo lilichukua miezi mitatu kamili. Posho ya kujikimu ililipwa, lakini kwa kuchelewa. Mwezi wangu wa pili pale nilikuwa nakopa unga dukani kwa jina la hospitali, jambo ambalo daktari wa kwanza wa meno katika wilaya hapaswi kujulikana nalo. Kwa hiyo beba fedha za chumba na chakula za miezi mitatu, pamoja na nakala zilizothibitishwa za vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa kikiwemo, kwa maana kurudi Dar es Salaam kufuata karatasi moja ni siku mbili za treni na basi kwenda, na mbili za kurudi.

Chumba cha meno kilikuwa nyuma ya maabara. Ndani mlikuwa na kiti cha kisasa cha umeme, bado kimevikwa mfuko wa nailoni kichwani, kompresa yake, mashine ya kusukuma hewa, imekufa kabla haijazoeleka. Karibu na dirisha palikuwa na kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani, na hapo ndipo kazi ilipofanyika. Aliyekuwa akiifanya ni tabibu wa meno aliyebakiza miaka michache kustaafu, ambaye mimi nilimwita Mzee, na yeye aliniita "daktari" mbele ya wagonjwa na "binti" tukiwa wawili. Alikuwa na koleo saba, elevata mbili za kulegezea jino, na jiko la presha ambalo alilitumia kutakasia vifaa juu ya mkaa umeme ulipokatika. Nililitazama jiko lile kwa dharau. Baadaye nilijifunza kwamba jiko la presha likishaanza kutoa mvuke na kuachwa kwa dakika zisizopungua 15 linatakasa vizuri, na kwamba mzee yule alikuwa mwangalifu kuliko baadhi ya vyumba nilivyofanyia utarajali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamua kwamba huduma halisi itaanza kiti kitakapotengenezwa. Niliandika barua nne. Nilimfuata Mganga Mfawidhi, naye akanituma kwa katibu wa afya, naye akanifungulia Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ule na kunionyesha kwa kidole kwamba afya ya kinywa na meno ilitengewa kifungu kimoja chembamba, ambacho matengenezo ya kompresa hayakuwemo. Mwaka wa fedha huanza Julai, na mpango huandaliwa miezi mingi kabla. Asiyekuwepo mezani wakati huo, au asiyepeleka mahitaji yake kwa maandishi yenye bei, husubiri mwaka mzima. Ukifika kituoni, kabla hata hujauliza funguo za chumba, uliza kikao cha mpango kijacho ni lini.

Wakati huo mimi nilikuwa naona wagonjwa wachache, nikiandika rufaa kwa wanaohitaji kuziba jino, rufaa za kwenda mjini ambazo nilijua moyoni kwamba nusu yake hazitafika kokote. Mzee alikuwa anang'oa dirishani.

Sasa nitaeleza jambo la Agosti.

Mzee alikuwa likizo. Jumanne ya tarehe 2 ganzi ilikwisha, zile tyubu ndogo za lignokeini zenye adrenalini ambazo nilizifundishwa chuoni na ambazo ndizo pekee nilizozijua. Alhamisi akaja kijana wa miaka 26, mvuvi kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa amepanda mtumbwi, kisha bodaboda, na nauli ilimgharimu shilingi 25,000. Nilimtazama mdomoni kwa tochi ya simu. Gego la chini kulia lilikuwa limetoboka mpaka ndani, fizi imevimba kidogo, hana homa. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikamwambia ganzi imekwisha, aje Jumatatu. Akaniuliza, "Jumatatu itakuwepo kweli, daktari?" Nikamjibu kwamba itakuwepo, kwa sauti ile ya mtu anayetaka mgonjwa anayefuata aingie.

Jumatatu ilikuwa tarehe 8 Agosti. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Nane Nane. Mapokezi ya dharura yalikuwa wazi, chumba cha meno kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nyumbani nafua. Alikuja, akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, akaondoka.

Alirudishwa Jumatano ya tarehe 17, ameshikiliwa na kaka zake wawili huku na huku, kwa kuwa akilazwa alishindwa kupumua. Shingo ilikuwa imevimba kutoka kidevuni hadi karibu na kifua, ngumu kama ubao ukiibonyeza. Ulimi ulikuwa umeinuliwa hadi kugusa kaakaa na udenda ulikuwa unamtoka kwa kuwa hawezi kumeza mate yake mwenyewe. Ugonjwa huo una jina la daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyeueleza mwaka 1836, na kila mwanafunzi wa meno hulikariri kwa ajili ya mtihani. Maambukizi ya jino la chini hushuka chini ya ulimi, hubana njia ya hewa, na huweza kuua ndani ya saa chache. Tulimweka dripu, tukampa dawa za kuua bakteria za mshipani, nikachanja chini ya kidevu, na kama vitabu vinavyosema ulitoka usaha kidogo tu. Daktari wa zamu hakuweza kupitisha mpira wa hewa. Tukampakia kwenye gari la wagonjwa akiwa ameketi. Alifariki njiani.

Kaka yake mkubwa alirudi baada ya siku nne kuchukua karatasi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Alikuja Jumatatu, kama ulivyomwambia."

Mzee aliporudi likizo nilimweleza kila kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini sikwenda wodi ya wazazi. Sikuelewa. "Binti, lignokeini ipo wodi ya wazazi, ile ya chupa, wanatumia kushonea akina mama. Sisi ganzi ikiisha huwa tunaazima pale." Ni kweli. Ganzi ya asilimia 2 isiyo na adrenalini, ukiivuta kwa sindano ya kawaida, inatosha kung'olea gego, ingawa haidumu muda mrefu. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni kwangu hadi wodi ya wazazi. Zilikuwa 64.

Nimesimulia jambo hili kwa wahitimu wengi, na baadhi yao hunifariji kwa kusema kwamba mfumo ndio uliomuua. Mfumo ulikuwa na sehemu yake. Lakini siku ile ya Alhamisi ningeweza kuazima ganzi, ningeweza kulifungua jino lile kwa mkono ili usaha upate njia, ningeweza kumwandikia dawa za kuua bakteria na kumweleza dalili za kumrudisha mbio, ningeweza kuchukua namba ya simu ili kumwambia kwamba Jumatatu ni sikukuu. Sikufanya hata moja kwa sababu sikuwa nimeelewa nchi ninayofanyia kazi. Mjini, "njoo Jumatatu" ni miadi. Kwa mtu aliyelipa 25,000 kufika, ambaye nauli ya pili hana, ni njia nyingine ya kumwambia asije.

Kuanzia hapo nilianza kazi upya. Nilinunua daftari la kurasa 200 na kila mgonjwa niliyemwahirisha kwa sababu yoyote aliandikwa jina, kijiji, jino, na namba ya simu, yake au ya jirani au ya mwenyekiti wa kitongoji. Ijumaa jioni niliwapigia wote. Vocha ilinigharimu kama shilingi 5,000 kwa wiki, na sijawahi kutumia fedha vizuri zaidi.

Kuhusu ganzi, nilimfuata mfamasia nikiwa na unyenyekevu ambao sikuja nao kutoka chuoni. Alinifundisha kwamba kuagiza kunaanza na takwimu za matumizi, kwamba Bohari ya Dawa ikikosa kitu inatoa uthibitisho, na kwamba kwa uthibitisho huo kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa mwenye mkataba na mkoa. Hakuna aliyewahi kupeleka takwimu za chumba cha meno. Pia nilianza kuhakikisha kila anayelipia kung'oa jino anapewa namba ya malipo na risiti, ili mapato ya chumba chetu yaonekane kwenye vitabu, na ulipofika mwezi Desemba nikaenda kwenye kikao cha mpango nikiwa na karatasi moja tu. Ilionyesha tulichoingiza, tulichotumia, na siku tulizokaa bila ganzi. Mganga Mfawidhi aliisoma mara mbili. Tangu hapo sikukaa tena bila ganzi kwa zaidi ya siku mbili, na siku hizo mbili niliazima.

Kiti cha umeme hakikupona mpaka naondoka. Nilijifunza kutokihitaji, na hapa kuna jambo ambalo bado linanitia aibu. Ipo mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono peke yake, bila mashine ya kuchongea, bila umeme, na mara nyingi bila ganzi. Unakwangua sehemu laini iliyooza, unaacha iliyo ngumu, unaziba kwa saruji ya glasi ayonoma inayogandamana na jino na kutoa floraidi. Mbinu hiyo, inayotumika leo katika nchi nyingi duniani, ilianza kufanyiwa kazi hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam ilishiriki. Sisi tuliipitia chuoni kwa haraka, kama kitu cha watu wasio na bahati, kisha tukarudi kwenye mashine.

Siku ya kwanza niliyoifanya shuleni, tuliunganisha meza mbili za walimu chini ya mwembe, tukatandika khanga, na mtoto akalala kichwa kikiwa upande wangu. Alikuwa msichana wa Darasa la Tatu mwenye gego la kwanza la kudumu lililotoboka juu. Nilikwangua kwa kijiko kidogo kama kichwa cha kiberiti, na uozo ulitoka kwa vipande laini, wa rangi ya sukari guru, mpaka kijiko kikaanza kutoa mlio mkavu wa kugusa kitu kigumu. Nikakausha kwa pamba, nikachanganya unga na maji yake juu ya karatasi, nikajaza, nikapaka kidole mafuta ya mgando nikakandamiza kwa muda. Taa ya kichwani ilikuwa inanitoa jasho. Nilipomwambia amemaliza, alijishika shavu, akauliza, "Hujaning'oa?" Kisha akawageukia wenzake waliokuwa wamejibanza nyuma ya darasa: "Hang'oi!" Foleni ikaja mbio. Siku hiyo tuliziba meno 17 na kung'oa mawili tu.

Saruji hiyo haikuwemo kwenye maagizo ya kituo. Kilichonisaidia ni kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya kupaka ya madini ya fedha na floraidi inayosimamisha uozo huku ikiacha doa jeusi. Nilimpelekea mfamasia ukurasa huo. Mfamasia hubishana na daktari wa meno, lakini kwa orodha ya dawa muhimu ana heshima.

Kuna kosa jingine ambalo lazima niliseme. Mama mmoja, wa jamii ya wafugaji waliohamia Katavi na mifugo yao, aliniletea mtoto wa miezi saba mwenye vidonda viwili kwenye fizi, mahali chonge zinapotarajiwa. Alikuwa ameharisha na kupata homa, na mganga wa kienyeji akamng'oa "meno ya nailoni". Wanaoamini huona uvimbe mweupe wa vichipukizi vya chonge za utotoni, wakadhani ni mdudu au jino bovu linaloleta kuhara, wakalichokoa kwa ncha ya spoku ya baiskeli au kisu. Mtoto hupoteza damu, huambukizwa, na chipukizi la jino likishaharibiwa halirudi tena. Nilikasirika. Nilimgombeza mama yule kwa sauti, mbele ya wanawake wengine kwenye benchi, na nadhani nilitumia neno "ujinga".

Mwezi uliofuata muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto alikuja kuniambia, kwa upole uliouma, kwamba akina mama wa kitongoji kile wameacha kuleta watoto chanjo. Tulikwenda pamoja kwa pikipiki. Nilimkuta yule mama anapura mahindi, nikaketi chini, nikamwomba radhi. Bibi yake, mama mzee sana, alinisikiliza kisha akaniambia, "Mwanangu, yeye alikuwa anaona mtoto anakufa. Wewe ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye tulikubaliana na wauguzi kwamba kila mtoto anayeletwa chanjo, fizi zake ziangaliwe na mama aonyeshwe vichipukizi vile kwa kidole chake mwenyewe, aambiwe ni meno yanakuja, na kwamba kuhara kuna maji ya chumvi na sukari na zinki. Desturi ile haikuisha. Ilipungua katika vitongoji viwili ninavyovijua.

Jambo dogo la kiufundi kabla sijasahau. Usijaribu kung'oa gego lenye usaha unaochemka kwa kuchoma ganzi pale pale penye uvimbe. Uchachu wa sehemu iliyovimba unaizuia ganzi kufanya kazi. Choma mbali, kwenye shina la mshipa wa fahamu, au toa usaha kwanza. Nilimng'oa mtu mmoja akipiga kelele, na kwa wiki tatu sokoni niliitwa daktari asiyetumia ganzi.

Upweke ni kitu kingine. Hakuna daktari mwenzako wa meno wa kumuuliza usiku. Mchumba wangu alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akaacha kuvumilia, na siwezi kumlaumu. Kidole gumba changu cha kulia kinauma asubuhi za baridi kwa sababu ya elevata. Na rafiki yangu wa dawati alikuwa na haki kwa kiasi fulani: ujuzi wa tiba ya mizizi ya jino ulianza kunipotea, mpaka nikaanza kutumia siku kumi za kila likizo kukaa katika hospitali moja kubwa nikiwaomba waniruhusu kufanya kazi bure. Panga hilo tangu mwaka wa kwanza. Usingoje mpaka mikono isahau.

Kwa upande mwingine, kabla ya kutimiza miaka 30 nilikuwa nimeona vivimbe vya taya ambavyo rafiki yangu ataviona kwenye picha tu, nikajifunza kumtambua mtoto mwenye saratani ya Burkitt kwa meno yanayolegea pasipo sababu, na kumsafirisha siku hiyo hiyo. Nilijua bei ya mafuta ya gari la wagonjwa mpaka hospitali ya rufaa na nilijua namba ya dereva kwa kichwa.

Niliondoka Juni 2025 kwenda kusoma shahada ya uzamili. Aliyekuja kupokea nafasi yangu ni kijana mpole aliyekuja na begi la magurudumu kwenye barabara isiyokubali magurudumu. Nilimpa funguo, taa yangu ya kichwani, na namba ya simu ya Mzee, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku. Nikamtembeza wodi ya wazazi, nikamtambulisha kwa muuguzi wa zamu, nikamwonyesha kabati la lignokeini. Kisha nikamkabidhi daftari, ambalo lilikuwa la tatu sasa, pamoja na yale mawili yaliyojaa.

Alifungua la kwanza, akaniuliza kwa nini jina la juu kabisa lina kijiji na jino lakini halina namba ya simu. Nikaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha dirishani, nikamweleza.